Taya Si Mguu wa Kochi

Fundi makochi alikuwa mtu wa kimya, lakini Mungu alimpa redio.

Redio alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka minane. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Karakanani kila mtu alimwita Redio, naye aliitika bila kinyongo. Alipotoka shule aliingia na habari mpya: nani amepoteza kiatu, nani amelala darasani, mwalimu wa hesabu amepiga chafya mara ngapi. Wateja walimpenda. Wengine walikuja kuulizia mto mmoja tu, wakakaa nusu saa.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kipana chenye sakafu ya saruji. Upande mmoja fremu za makochi zilipandana hadi karibu na dari. Upande wa pili yalijaa magunia ya sponji. Chini ya dirisha ilikaa cherehani ya mama, aliyeshona foronya za mito. Baba alikata mbao, akaziunga kwa gundi, akazibana kwa klampu, vile vyuma vya kubania. Alikuwa na desturi ya kushika misumari midogo kwa meno, mitano au sita kwa pamoja, ili mikono yake iwe huru.

"Zima redio, mwanangu," alikuwa akisema kupitia misumari ile. "Nipate hesabu ya vipimo."

Redio alinyamaza kwa muda wa kugonga msumari mmoja. Kisha habari ziliendelea.

Alasiri moja, Redio alipanda juu ya fremu mbili zilizopandana ili asome taarifa ya habari akiwa amesimama mahali pa juu. Hakufika hata kwenye habari ya pili. Fremu iliteleza. Mtoto akaanguka, na kidevu chake ndicho kilichotangulia kwenye saruji.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi akasafisha mchubuko mdogo chini ya kidevu na kumtazama meno. Akampa dawa ya maumivu.

"Ale vyakula laini siku chache," alisema. "Alipumzishe taya. Na baada ya wiki moja mumrudishe bila kukosa, tuone kama..."

Lakini baba alikuwa ameshafika mlangoni. Karakanani alikuwa ameacha mguu wa kochi umepakwa gundi bila kubanwa, na gundi haimsubiri mtu. Mama alikuwa amembeba mtoto aliyekuwa akilia. Kati ya maneno yote ya muuguzi, lililoingia kichwani mwa baba lilikuwa moja tu: alipumzishe.

Na fundi alijua kupumzisha kiungo. Miaka ishirini alikuwa akifanya kazi hiyo. Kiungo kikilegea, unakipanga vizuri, unakibana, unakiacha. Ukikitikisa kabla ya wakati, umeharibu. Usiku ule ule alichukua mkanda wa mpira, ule unaotandikwa chini ya mito ya kochi. Akaukata kwa kipimo cha kichwa cha mwanawe, akaufunika kwa sponji laini na kitambaa cha pamba, akaweka kifungo utosini. Ulikuwa kazi safi kweli kweli. Redio alipovishwa, kidevu chake kilishikwa barabara.

"Usiongee, usitafune," baba akamwambia. "Wiki tatu tu. Kiungo kikauke."

Redio alitii. Alikunywa uji kwa mrija. Alikunywa mchuzi kwa mrija. Alipotaka kitu, aliandika kwenye daftari. Karakana ikawa kimya, na siku mbili za kwanza baba aliona raha. Siku ya tatu aligundua kwamba anasikia saa ya ukutani. Hakuwahi kujua kwamba saa ile ina sauti.

"Baba Redio," mama alisema wiki ya pili, "huyu mtoto hajapiga hata mwayo. Na tuliambiwa tumrudishe."

"Tumrudishe wakafungue? Gundi haijakauka bado."

"Gundi gani, mume wangu? Huyu ni mtoto."

Baba akainamia mbao zake. Alikuwa na misumari mdomoni.

Siku ya ishirini na moja alifungua kifungo kwa mikono yake mwenyewe. Mama aliacha cherehani, akasogea.

"Haya, mwanangu. Fungua mdomo."

Redio akafungua. Mdomo ukafunguka kidogo tu, ukasimama. Akajaribu tena, macho yakamlenga machozi. Kidevu hakikushuka sawa. Kilikwenda upande wa kushoto, kama droo iliyokwama upande mmoja. Baba alimwambia afunge, akashika tena mkanda.

"Labda... labda wiki moja zaidi," alisema. Lakini hata yeye hakuisadiki sauti yake.

Asubuhi iliyofuata alikuja mteja wa kochi la kijani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mkoba mzito na kicheko cha karibu. Siku aliyoagiza kochi, Redio alikuwa amempa habari za mtaa mzima bila kupumua. Leo mtoto alimpa mkono tu, akaitoa shikamoo kwa meno yaliyobana.

"Marahaba. Imekuwaje? Redio imeisha betri?"

Hakuna aliyecheka. Mteja akauona mkanda juu ya meza. Akautazama upande huu na upande ule, kisha akamtazama mtoto kidevu. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mimi ni daktari wa meno na mataya," alisema polepole. "Niambieni yote, tangu mwanzo."

Baba akasimulia. Alisema mengi kuliko alivyosema mwaka mzima. Daktari alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akapiga magoti mbele ya Redio.

"Mwanangu, panga vidole vyako vitatu hivi, kimoja juu ya kingine. Jaribu kuviingiza katikati ya meno ya juu na ya chini."

Kiliingia kimoja, na cha pili kikakwama kwenye ukucha.

"Mdomo wenye afya kwa kawaida hupitisha vidole vitatu vya mwenyewe," daktari alisema. "Kesho asubuhi mnakuja hospitali tumpige picha. Kesho, si wiki ijayo."

Baba akaketi juu ya gunia la sponji. "Daktari, kiungo kikilegea si kinabanwa?"

"Kiungo cha mbao, ndiyo. Fundi, weka vidole vyako hapa, mbele ya masikio. Toa kwanza hiyo misumari, jamani! Sasa fungua mdomo. Funga. Unasikia nini?"

Baba akafungua, akafunga. Akarudia. Chini ya vidole vyake kitu kilizunguka, halafu kikateleza kwenda mbele, halafu kikarudi mahali pake. Alikuwa amekaa na kitu hicho miaka arobaini na minne bila kukisalimu.

"Kinazunguka kama bawaba," alisema. "Halafu... kinateleza kama droo!"

"Bawaba na droo ndani ya kiungo kimoja. Kichwa cha taya kinakaa kwenye kikombe kidogo cha mfupa chini ya fuvu. Katikati yao kuna kisahani laini kinachosogea pamoja nacho. Na viungo hivi ni viwili, kulia na kushoto, na lazima viende pamoja."

Baba akafungua na kufunga mdomo tena. Alikuwa mtu wa kukagua kazi za mafundi wenzake na kuzitoa kasoro. Kwa hii hakupata pa kuanzia.

"Na nani anakipaka grisi?" aliuliza.

"Kinajipaka chenyewe. Ndani yake kuna ute unaoteleza. Na mifupa haigusani mikavu. Umeona mwisho wa mfupa wa kuku, ile nyama ngumu nyeupe inayong'aa? Hilo ni gegedu. Taya nalo lina gegedu lake, na limejaa nyuzi ili lisichanike upesi. Lakini sikia la ajabu. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake."

"Basi linakula nini?" mama akauliza.

"Nipeni beseni la maji na kipande cha sponji."

Redio ndiye aliyekimbia kuvileta. Daktari akampa baba kile kipande. "Kiminye. Kizamishe majini. Sasa kiachie."

Sponji ikavimba, ikajaa maji.

"Imekunywa," alisema baba.

"Ndivyo gegedu linavyokula. Chakula chake kimo ndani ya ule ute. Mtoto akitafuna, akiongea, akipiga mwayo, gegedu linaminywa na kuachiwa, linaminywa na kuachiwa. Taka zinatoka, chakula kinaingia. Sasa chukua klampu yako. Ibane hiyo sponji, uizamishe hivyo hivyo."

Baba akabana, akazamisha, akangoja. Wote wanne wakaangalia ndani ya beseni. Sponji ilikaa nyembamba kama ilivyobanwa.

Hakuna aliyehitaji kumweleza. Baba alitoa klampu majini, akaiweka chini taratibu, akafunika uso wake kwa mikono miwili.

"Wiki tatu," alisema. "Nimemnyima chakula wiki tatu."

"Baba, nilikunywa uji," Redio akasema kwa meno yaliyobana, akimshika bega.

Daktari akatabasamu. "Hujachelewa, fundi. Ulifanya kwa mapenzi. Lakini usirudie. Mtoto akiumia taya, damu huweza kuvuja ndani ya kiungo. Kisipochezeshwa, damu ile inageuka kovu, kovu linakakamaa, na mwisho mfupa unaweza kuota na kuungana. Hapo mdomo haufunguki tena, na taya la upande ule linaacha kukua vizuri. Kidevu kinabaki upande."

"Taya linakua kwenye kiungo?" mama aliuliza.

"Kwa mtoto, hapo ni mahali muhimu. Chini ya gegedu kuna tabaka linalotengeneza mfupa mpya mwaka hadi mwaka, hadi atakapokuwa mtu mzima. Na kazi hiyo haikuanza jana. Huyu akiwa tumboni mwako, mama, mfupa wa taya ulianza kwanza, gegedu la kiungo likaja baadaye. Akaanza kumeza maji ya uzazi. Akaanza kupiga miayo humo humo tumboni. Kuchezesha mdomo kulikisaidia kiungo kujitengeneza."

"Mimi nilipiga miayo tumboni?" Redio aliuliza.

"Ulipiga. Na ulipozaliwa, kile kikombe cha mfupa kilikuwa bapa kama sahani. Kimeendelea kuwa na kina kadiri ulivyonyonya, ukaota meno, ukatafuna, na ukaongea."

"Kwa huyu," mama akasema akijifuta macho, "basi kina chake ni kirefu kama kisima."

Hapo ndipo walipocheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Picha ya hospitali ilionyesha ufa mwembamba chini ya kichwa cha taya, upande wa kushoto. Ulikuwa umeanza kuunga wenyewe, na mfupa ulikuwa umekaa mahali pake. Daktari akawaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Ipo mivunjiko mingine ambayo tunalazimika kuifunga kwa waya kwa muda mfupi," alisema. "Lakini hilo huamuliwa na daktari baada ya picha. Haliamuliwi kwa futi ya fundi. Huu wa kwenu unahitaji kuchezeshwa."

Akatoa pakiti ya vijiti bapa, vile vya kutazamia koo. Akavipanga kimoja juu ya kingine, akavipitisha polepole katikati ya meno ya Redio. Vilipita vinane.

"Tunataka angalau ishirini na mbili," alisema. "Mara sita kwa siku. Kwanza kitambaa cha maji ya vuguvugu hapa mbele ya sikio. Kisha fungua, funga, kushoto, kulia, mbele. Ufanye mbele ya kioo, kidevu kiende sawa. Mwisho vijiti. Usikie kuvuta, usisikie kuchanika. Kikivuta sana, punguza kimoja. Na kila wiki niwaone."

Baba aliporudi karakanani alichora mstari wa penseli kwenye mwimo wa mlango, akaandika pembeni yake: nane. Pale pale palikuwa na alama za kimo cha Redio tangu alipojifunza kusimama. Mkanda wa mpira akaukata vipande, akavitandika chini ya mito ya kochi la kijani.

Wiki ya kwanza walifika kumi. Ya pili, kumi na mbili. Ya tatu, kumi na nne. Halafu wakakwama. Siku nne nzima kijiti cha kumi na tano kilikataa kuingia. Redio alilia, akavitupa vijiti sakafuni.

"Sitaki! Kinauma!"

Mama alipunguza kimoja kama walivyoelekezwa. Lakini mtoto alikuwa amekata tamaa. Kulikuwa na jambo jingine pia, na baba ndiye aliyeliona. Redio alikuwa amezoea kunyamaza. Alifanya mazoezi mara sita kwa siku, halafu akafunga mdomo, akachukua daftari na kuandika. Kati ya zoezi na zoezi, sponji haikunywa kitu.

Jioni ile baba aliketi kwenye kigoda katikati ya karakana. Akamtazama binti yake kwa muda. Kusema hakukuwa kazi yake, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Redio," alisema, "leo sijui habari hata moja."

Mtoto akainua mabega.

"Mwalimu wa hesabu mzima?"

Redio akasema kwa sauti ndogo: "Ana mafua."

"Toka lini?"

"Jana. Alipiga chafya, miwani ikaanguka."

"Ikavunjika?"

"Haikuvunjika! Iliangukia kwenye..." Redio akaanza kutabasamu. "Iliangukia kwenye kikombe chake cha chai. Akaivaa hivyo hivyo!"

Mama alisimamisha cherehani. Baba alicheka hadi akashika mbavu, na Redio, aliyekuwa hajamwona baba yake akicheka namna ile, akacheka naye. Akacheka kwa mdomo mzima.

Toka siku hiyo, kila jioni saa kumi na moja, baba aliacha nyundo, akaketi na kusema, "Washa redio." Taarifa ilisomwa mbele ya kioo, kidevu kikienda sawa. Baada ya taarifa vikaja vijiti. Cha kumi na tano kikaingia, kisha cha kumi na sita. Daktari aliruhusu vyakula vya kutafuna kidogo kidogo, pande zote mbili za mdomo. Alimkataza kung'ata penseli, kutafuna barafu na kusaga meno kwa hasira.

"Gegedu linapenda kuminywa na kuachiwa," alisema. "Halipendi kubanwa kutwa nzima. Meno ya juu na ya chini yakutane wakati wa kula tu. Ukiwa umetulia, midomo ifungwe, meno yaachane." Akamgeukia baba. "Na wewe, fundi, unayekaza misumari kwa meno tangu asubuhi, taya halikuumi jioni?"

Baba akakohoa. Lilikuwa likimuuma miaka mingi. Alidhani ni uzee. Siku ya pili mama alimshonea mfuko wa turubai wa kufunga kiunoni, na misumari ikahamia humo. Baada ya mwezi maumivu ya jioni yalikuwa yamepungua, naye akawa anawatangazia mafundi wenzake habari ya kiungo chenye bawaba na droo, akiwawekea vidole mbele ya masikio, watake wasitake.

Wiki ya kumi walikwenda hospitali. Daktari alipanga vijiti kwa makini. Kumi na nane, vikapita. Ishirini, vikapita. Ishirini na mbili, vikapita. Redio akaondoa vijiti mwenyewe, akapanga vidole vyake vitatu na kuviingiza bila kuambiwa. Kidevu kilishuka katikati, wima kama uzi wa timazi.

Daktari akampa mtoto mkono kama anavyopewa mtu mzima.

"Hii kazi umeifanya wewe," alimwambia. "Mimi nilitoa vijiti tu."

Akawakumbusha wazazi kwamba safari haijaisha. Redio angepimwa kila miezi sita hadi amalize kukua, ili taya la kushoto lisiachwe nyuma na la kulia. Na kama siku yoyote kufunguka kwa mdomo kutaanza kupungua, au kidevu kwenda upande, au meno kutokutana vizuri, wasingoje hata siku moja. Mama aliomba ayaandike kwenye karatasi. Safari hii baba alisimama hadi neno la mwisho, akauliza maswali mawili, ndipo akaaga.

Njiani Redio alianza kuongea kabla hawajatoka getini. Aliongea barabara nzima. Alieleza jinsi daktari anavyovaa glavu, idadi ya viti vya kungojea, na mtoto aliyemng'ata muuguzi. Walipofika karakanani alikuwa bado yuko kwenye habari za ndani. Baba alichora mstari mpya kwenye mwimo wa mlango, akaandika: ishirini na mbili. Kisha akawasha mashine ya kukatia mbao, kwa kuwa kazi zilikuwa zimelala. Redio akapandisha sauti ili asipitwe na mashine.

"Jamani, huyu mtoto hapumui?" mama alilalamika, akiziba masikio huku anacheka. "Baba Redio, mwambie apunguze kidogo!"

"Mwache," baba alisema. "Gegedu linakula."

Akazima mashine, akavuta kigoda, akaketi kumsikiliza.